Muulize Somo: Mwanangu kamwambia bibi yake ni muongo

Asalaam alaykum Somo, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa tarehe, yaani historia, katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba. Nina mke na watoto watatu, na tunakaa nyumba moja na mama yangu, upande wa Chake Chake. Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu imeingia ukimya, na aliyeuingiza ni mimi mwenyewe.

Msimu wa karafuu kwetu unajulikana: mchana zinachumwa, usiku zinachambuliwa. Tunatandika jamvi uani, karafuu zinamwagwa katikati, kila mtu anavuta fungu lake na kutenga karafuu na makonyo. Vidole vinanata, vinanukia mpaka asubuhi. Kazi ile inaleta usingizi, na tangu mimi mdogo dawa ya usingizi ule ni mama yangu, maana yeye ndiye mwenye hadithi. Watoto wanaipenda zaidi ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini hapa Pemba: alivyowabebesha watu mawe ya ngome yake huku wakijiburuta kwa makalio, na alivyokuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta ndani ya kisima ili mmoja ashuke kwa ngazi na mwengine ateke kwa ndoo na kamba, wasionane hata nyuso.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi Pujini, na mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 10, nikamchukua. Niliwaeleza kitaalamu: magofu haya ni ya karne ya 15, yamechimbwa na wanaakiolojia, akiwemo Adria LaViolette wa Marekani. Tulipofika kisimani mwanafunzi mmoja akauliza habari ya wake wawili. Nikacheka. Nikasema, "Hizo ngano za wazee, hazina ushahidi."

Usiku ule jamvini mama akaanza, "Mkama Ndume, bwana..." Mwanangu akamkata: "Bibi, baba kasema huo uongo."

Laiti mama angekasirika. Alisema "Haya", akaendelea kuchambua. Wiki ya tatu sasa anachambua kimya. Watoto wamehamia kwenye simu.

Mdogo wangu, ambaye ni ustadhi, anasomesha chuo cha Qur'ani, alipopata habari alinipongeza. Kasema uongo ni uongo hata ukichekesha, na tena tuache na ile ya kisiwa cha Misali, kwamba Nabii Khidhri aliswali pale, maana haina msingi. Mke wangu anasema sote wawili hatuna adabu.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kingine. Juzi namtoa mwanangu chuoni, tuko njiani, akaniuliza: "Baba, kama Mkama Ndume ni uongo, na Nabii Yunus tumboni mwa samaki je?" Somo, sikumjibu. Nilimnunulia ubuyu.

Mimi ni muumini, naswali, nafunga. Ila kazi yangu imenizoesha kuuliza ushahidi uko wapi. Nimesikia wanaosema kwamba jambo linaweza kuwa halikutokea na bado likabeba kweli. Hiyo ni hoja, au ni maneno ya kujiliwaza? Na nikishaikubali kwa Mkama Ndume, nitasimama wapi?

Mwalimu aliyetahayari, Pemba

*

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya ubuyu tu. Nimelea watano, naujua ubuyu ule.

Nianze na mdogo wako, kwa kuwa lake ni jepesi. Mama yenu akitoa ngano ya sungura na fisi huanzaje? Huita, "Hadithi, hadithi!" na nyinyi mnaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Sikilizeni mlichokuwa mkiitikia tangu mna meno ya utotoni. Uongo umeitwa kwa jina lake, mlangoni, kabla haujakaa kitako. Anayekwambia mapema "huu ni uongo, njoo tuule pamoja" hajamghilibu mtu. Muongo ni yule anayekuuzia samaki wa jana akakwambia ndiyo kwanza ngalawa imefika.

Sasa usinishangilie haraka, kwa sababu Mkama Ndume haitwi kwa "uongo njoo". Umeandika mwenyewe kwamba mama alianza "Mkama Ndume, bwana...", kama anayemsema jirani aliyehama. Hii si ngano ya sungura. Ina mahali pake, ina kisima unachoweza kuchungulia, ina mtu ambaye wazee wanampa na jina kamili, Muhammad bin Abdulrahman. Inadai kitu. Ndiyo maana kucheka kwako kulimchoma.

Nakupa kazi ya nyumbani. Kaa chini uani kwako, pakata tofali, ujiburute kwa makalio mpaka mlangoni. Mimi nilijaribu nikiwa msichana, mbele ya wenzangu, na lilikuwa nusu tofali. Sikufika pima mbili kanga ikachanika na mama akanikimbiza na mwiko. Ngome haijengwi hivyo. Mfalme mwenye haraka ya kuta angewasimamisha watu wake wabebe kwa kichwa, mawe yafike. Kwa hiyo kama ni taarifa ya namna mawe yalivyobebwa, umesema kweli: haikutokea.

Lakini mfikirie aliyeitunga. Huyu ni mtu wa Pujini, au mjukuu wake, ambaye hakuachiwa daftari la vibarua wala kaburi la maandishi. Alitaka tujue ilivyokuwa kutumikishwa na yule bwana. Akachagua picha: mwanamume mzima, mwenye mke na watoto, anasota chini kama mtoto ambaye bado hajasimama dede, na jiwe limo mapajani. Akampa mfalme na jina la kumtosha. Kukama ni kukamua. Mkama Ndume ni mwenye kukamua wanaume. LaViolette na wenziwe wanaweza kukupa karne, vigae na ukuta, na tuwashukuru, maana mama yako asingeweza kukupa karne. Ila kigae hakikwambii aliyekibeba alijisikiaje mbele ya mwanawe. Kuhusu namna ya kubeba jiwe hadithi imekosea. Kuhusu kudhalilika imelenga, na sijui ungemweleza vipi mtoto wa miaka 10 jambo lile kwa maneno mengine akaelewa mara moja hivyo.

Na kisima! Hapa niruhusu nikae kidogo, ni uwanja wangu. Miaka arubaini nasikiliza mashauri ya wanawake wa visiwa hivi, na nakwambia ile habari imetungwa na mwanamke, tena mwenye mwenza. Mwanamume angetunga vita, au hazina iliyofichwa. Ni mwanamke anayejua kuwa ugomvi wa uke wenza hauanzii kitandani, unaanzia kwenye ndoo: nani katangulia, nani kachafua maji, nani kamtazama mwenziwe kwa jicho gani. Naye anayejua kuwa mume, badala ya kufanya uadilifu ambao dini imemtaka, ataona rahisi kuita fundi ajenge ukuta. Kila nikimsimulia bi harusi kisa kile hucheka, halafu hunyamaza. Sijawahi kuulizwa na hata mmoja kama kina ushahidi.

Basi hiyo ni hoja, mwanangu, si maneno ya kujiliwaza. Ina sharti lake tu, nalo wanaoipenda hoja hii hulisahau. Hadithi ikibeba kweli haina maana kwamba imebeba yote, wala kwamba imebeba bila ya kujipendelea. Itazame ile ya Washirazi, ambayo wewe unaisomesha. Mfalme wa Shiraz, kule Uajemi, na wanawe, majahazi saba, kila moja na bandari yake. Katika tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, la tano lilitia nanga Kisiwa cha Kijani, ndiyo Pemba yetu hii. Kilwa yenyewe ikanunuliwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka kisiwa. Kwa muda mrefu wasomi wengi waliona kuwa hapo hamna kitu, watu wamejitafutia ukoo wa fahari. Mwaka 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, karibu wote wa miji ya mwambao wa Kenya na Tanzania, waliozikwa baina ya mwaka 1250 na 1800. Ikaonekana kuwa damu za Afrika na Asia zilianza kuchanganyika kiasi cha mwaka 1000, na kwamba sehemu kubwa ya ile ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Wasimulizi waliochekwa walikuwa wameshika kitu.

Ila utafiti ule ule umesema kwamba wengi wa watu wale zaidi ya nusu ya asili yao ni Afrika, na imepitia zaidi kwa wanawake. Sasa niambie, katika Washirazi uliosimuliwa wewe utotoni, majahazi uliyahesabu. Bibi zetu waliowapokea wale wanaume pwani, wakawapikia, wakawazalia, uliwahesabu? Hadithi ilimkumbuka baba, ikamweka mama nyuma ya pazia. Na jina lile tumelibeba mpaka kwenye siasa, chama cha Afro-Shirazi cha mwaka 1957, kwa hiyo si jambo la jamvini tu. Wafundishe wanafunzi wako waulize mambo mawili kwa pamoja: hii inasema kweli gani, na inamfaa nani nikiisadiki.

Narudi kwa mdogo wako, maana nina deni naye. Kiswahili kimetuponza kwa kutupa neno moja la vitu viwili. Ya sungura ni hadithi, na maneno ya Mtume, rehema na amani zimfikie, nayo ni hadithi. Yeye anaogopa moja isichafue nyengine, na woga wake una heshima. Lakini na akumbuke wanavyuoni wenyewe walivyofanya kazi. Ile "Tafuteni elimu hata China" nimeiona imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa skuli. Nani atapinga maana yake? Hata hivyo wahakiki wa hadithi waliiona dhaifu, na Ibn al-Jauzi wa Baghdad, katika karne ya 12, akaihesabu pamoja na za kubuniwa. Uzuri wa maana haukuifanya ipate sanad, ule mlolongo wa majina ya waliopokezana. Na kukosa sanad hakujamzuia Muislamu hata mmoja kupanda ndege kwenda kusoma China.

Kwa kipimo hicho, Misali ni nyepesi. Wavuvi wanasimulia kuwa Khidhri alifika pale, akaomba msala, mkeka wa kuswalia, usipatikane, akasema basi kisiwa hiki kilivyolala kuelekea kibla ndicho msala wangu. Sanad hamna, mdogo wako ana haki, na asimruhusu mtu kuisomesha chuoni kama sehemu ya dini. Lakini Misali ilipofanywa hifadhi mwaka 1998, miaka iliyofuata waliokwenda kuzungumza na wavuvi waliona amri peke yake haitoshi, wakazungumza kwa lugha ya Qur'ani, ya amana na ukhalifa wa binadamu juu ya viumbe. Waliokuwa wakiwasikiliza ni watu ambao kisiwa chao tangu zamani kinaitwa msala. Msala haukanyagwi kwa viatu, seuze kuvuliwa kwa baruti.

Haya, Yunus.

Usimwambie mtoto kwamba Yunus ni kama Mkama Ndume. Wapo wanaosema dini yote ni mfano, haikutokea lakini ina kweli ndani, na wanadhani wanatufanyia hisani. Mimi sikubaliani nao, na nafikiri hata asiyeamini, akiwa mtu wa haki, hatakubaliana nao. Mtu akisimama akasema "nimetumwa na Mwenyezi Mungu", ama katumwa ama hakutumwa. Pale mlangoni hapakuitwa "utamu kolea". Ipo mifano katika Qur'ani, na yenyewe inaiita mifano: nyumba ya buibui, kwa mfano, iliyo dhaifu kuliko nyumba zote, na sijamsikia mtu akiuliza ni buibui yupi. Ya Yunus imeletwa kama habari ya mtume. Ukibanwa na swali la mtoto ukakimbilia neno "mfano" ili upite salama, atakuja kuliona tundu ulilopitia.

Mume wangu, Allah amrehemu, alikuwa mvuvi. Mwaka mmoja kusi lilimzuia siku mbili katika mkondo wa Pemba, na sisi hatuna habari. Nilikaa kizingitini nikisoma "La ilaha illa anta subhanaka, inni kuntu mina dhalimina", maneno ya Yunus gizani. Usiku ule sikupima upana wa koo la samaki. Maneno yale yalinishika, na ninachoweza kukuthibitishia mimi ni hicho tu. Ukiniuliza kama naamini Yunus alikuwako, nakujibu ndiyo, na sababu yangu ni kwamba nakiamini Kitabu kilichonihadithia. Sijaona mifupa ya samaki wala siitafuti. Huo si ushahidi wa aina yako, wala sitaupamba ufanane nao.

Basi mwambie mwanao vivyo hivyo, kwa maneno ya umri wake. Kisima cha Pujini tumekiona. Karne ya 15 wamesema waliochimba, na ukikua nitakuonyesha wanajuaje. Wake wawili wa Mkama Ndume wanasimulia wazee. Yunus tunamwamini, na sababu yangu ni hii. Atakuuliza tena akiwa na miaka 15, na tena akiwa na 20, na siku hiyo pengine atakujibu mwenyewe kwa namna usiyoipenda. Huko ndiko kulea. Ila ajue baba yake haogopi swali. Ubuyu ulimwambia kinyume.

Nimebakiwa na mama yako. Unamkumbuka Khidhri katika Suratul-Kahf, alivyotoboa jahazi la maskini na Musa akang'aka? Musa aliuliza swali la haki kabisa. Alichopungukiwa ni subira ya kungoja kusikia kwamba mbele kulikuwa na mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima. Wewe nawe hukukosea kuuliza ushahidi. Umekosea kucheka, mbele ya watoto wa watu, na ukamwachia mwanao auchukue mcheko wako mpaka jamvini.

Kwa hiyo usimwendee na mhadhara. Ukimwambia "mama, hadithi zako zina umuhimu wa kijamii", utakuwa umemtukana mara ya pili, tena kwa Kiswahili cha semina. Leo usiku weka simu za watoto kabatini. Kaa upande wake, vuta fungu lako la karafuu, mtake radhi kwa sauti ambayo mwanao ataisikia. Yeye atasema "Haya" tena. Wewe endelea kuchambua. Zikishapungua, muulize swali ambalo wachimbaji wa Pujini hawakumuuliza: "Mama, wewe nani alikuhadithia?" Atamtaja bibi yake. Muulize na bibi yule aliipata kwa nani. Mwanao akae na daftari, aandike majina yanavyotajwa, moja chini ya moja, mpaka mama atakaposema hapa ndipo ninapoishia. Kisha daftari lile mwonyeshe mdogo wako, ustadhi, maana yeye ndiye anayejua jina la kitu kile.

Na kama hatakuwa bado na kinyongo, niulizie moja kwa faida yangu: aliyekuwa akishuka ngazi kisimani ni mke mkubwa au mdogo? Mimi nimepokea kwamba ni mkubwa, kwa sababu mdogo alikuwa mvivu. Mama mkwe wangu, mtu wa Wete, alikuwa hataki kulisikia hilo kabisa, na tuligombana mpaka anakufa.

Somo